Maswali ya Wasomaji: Riwaya ya Kiswahili Yajiandaa kwa Safari ya Montréal

Tangu gazeti hili lilipotangaza kwamba mwandishi wa safu hii anajiandaa kuhudhuria Worldcon, kongamano la kimataifa la bunilizi za kisayansi litakalofanyika Montréal, Kanada, mwaka 2027, wasomaji wengi wametuandikia. Barua zinazojibiwa hapa zimechaguliwa kwa kuwa zinagusa mambo yaliyoulizwa na wengi.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Naomba utueleze Worldcon ni mkutano wa namna gani, na mwandishi wa riwaya za Kiswahili anakwenda kutafuta nini huko, ilhali watu wa kule hawaisomi lugha yetu. (Msomaji, Likoni)

JIBU: Marahaba. Worldcon huwakutanisha kila mwaka wasomaji, waandishi, wahariri na wachoraji wa bunilizi za kisayansi na hadithi za kifantasia. Lilianza New York mwaka 1939, likasimama kuanzia 1942 hadi 1945 kwa sababu ya vita, kisha likaendelea. Halina mji wake maalumu, kwa kuwa wanachama ndio wanaoupigia kura mji utakaolipokea, na ndiyo sababu limefika Yokohama mwaka 2007, Chengdu mwaka 2023 na Glasgow mwaka 2024. Montréal yenyewe ililipokea mwaka 2009. Barani Afrika halijafanyika hata mara moja. Linaendeshwa na wapenzi wa hadithi hizi wanaojitolea bila mshahara, na hata mwandishi anayepangiwa kuzungumza katika jopo kwa kawaida hujilipia ada ya uanachama kama wengine wote, isipokuwa wageni wachache wa heshima.

Ninachokwenda kukitafuta ni mfasiri wa riwaya yangu nzima pamoja na mhariri atakayekuwa tayari kuichapisha. Wanachama wa Worldcon ndio wanaozipigia kura Tuzo za Hugo, tuzo mashuhuri za hadithi hizi, zilizotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1953 na ambazo jina lake linamkumbuka Hugo Gernsback, aliyeanzisha jarida la bunilizi za kisayansi liitwalo Amazing Stories mwaka 1926. Kanuni za tuzo hizo hazimfungii mlango mtu asiyeandika kwa Kiingereza: kazi iliyotoka kwanza katika lugha nyingine hupewa nafasi ya kushindanishwa tena katika mwaka ambao tafsiri yake ya Kiingereza inachapishwa kwa mara ya kwanza. Mwaka 2015 tuzo ya riwaya bora ilimwendea Liu Cixin wa Uchina, ambaye kitabu chake kilitoka kwanza kwa Kichina, kisha kikafasiriwa na Ken Liu. Naamini kwa dhati kwamba hakuna sababu yoyote ya kifasihi inayoizuia riwaya ya Kiswahili kupita njia hiyo hiyo. Tunachokosa ni tafsiri, na tafsiri haiji kwa kuingojea barazani. Mhariri anayepokea mswada wa lugha asiyoisoma huuweka kando bila ya kusita, lakini mwandishi anayekaa naye meza moja, akiwa na kurasa chache zilizofasiriwa vizuri na uwezo wa kumjibu papo hapo, humpa sababu ya kusikiliza.

Kwa hiyo maandalizi yangu makubwa hadi sasa ni ya kurasa hizo. Nimechagua sehemu ya riwaya inayomwonyesha nahodha wa chombo cha abiria kati ya Mombasa na Pemba, katika karne ijayo, wakati maji yamekwisha kuifunika barabara ya Mama Ngina. Usiku mmoja setilaiti zinanyamaza, skrini zote mbele yake zinazimika, naye analazimika kuwavusha abiria kwa nyota na kwa kuupima upepo wa kusi shavuni mwake, kama babu yake alivyomfundisha katika jahazi. Sura zenye vita na mitambo mingi nimeziacha nyumbani, maana wahariri wa kule wamezisoma za namna hiyo hadi wamezikinai, ila nahodha huyu hawajakutana naye. Rafiki aliyenisaidia kufasiri alitaka kuzikatakata sentensi ndefu za mwanzo ili zisomeke haraka. Tulibishana kwa muda, kisha tukakubaliana zibaki ndefu, kwa sababu msomaji anapaswa kuusikia mwendo wa bahari kabla ya kusikia hofu ya abiria.

Vilevile nimepanga kujaza mapema fomu ya kuomba nafasi katika ratiba, kwa kuwa majopo na vipindi vya waandishi kusoma kazi zao hupangwa miezi mingi kabla. Ninachokitamani zaidi ni kile kikao kidogo ambacho mwandishi huketi na wasomaji wachache waliojiandikisha, wakazungumza kwa muda wa saa moja hivi. Katika jopo la watu watano mtu hupata dakika chache tu za kusema, na dakika chache hazitoshi kumweleza mgeni jinsi lugha yetu inavyosimulia.

SWALI: Kwa heshima, hadithi za roboti na vyombo vya angani ni za wageni. Watu wa Pwani tuna mashairi na tenzi zetu. Kwa nini usitumie muda huo kuziendeleza hizo? (Mzee wa Mji wa Kale)

JIBU: Mzee wangu, shikamoo. Tenzi ndizo zilizonifundisha kusimulia, nami sitaziacha. Hata hivyo, naomba uniruhusu kutofautiana nawe kuhusu ugeni wa habari za anga, kwa kuwa zilikwisha kufika Pwani kabla vijana wengi wanaosoma safu hii hawajazaliwa. Katika ghuba ya Ungwana, kaskazini ya Malindi, Waitaliano walijenga jukwaa la San Marco baharini na kuanza kurushia setilaiti zao hapo mwaka 1967. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake, iliruka kutoka jukwaa hilo setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei inayotoka kwenye nyota. Mahali pale palifaa kwa sababu pako karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia wenyewe huipa roketi msukumo wa ziada inapoelekea mashariki, na mbele yake pana bahari tupu isiyo na makazi ya watu. Wavuvi wa Pwani waliona roketi zikipaa juu ya maji wanayovulia, na mimi nashangaa, tena nasikitika, kwamba riwaya zetu hazijaligusa sana jambo hilo.

Wala mimi si wa kwanza kuthubutu. Katama Mkangi, mwana wa Pwani aliyefariki mwaka 2004, alichapisha Walenisi mwaka 1995, riwaya ambamo Dzombo, aliyehukumiwa kifo, anafungiwa ndani ya chombo na kurushwa angani, kisha anatua katika nchi yenye usawa na kujifunza jinsi watu wake wanavyoishi. Wanafunzi wengi wameisoma kama kitabu cha siasa, na ni kweli kwamba ni cha siasa, lakini chombo kile kimo ndani yake na bila ya chombo safari isingekuwapo. Nikiulizwa Montréal kama Kiswahili kina bunilizi za kisayansi, nitaanza na Mkangi.

SWALI: Mwalimu, mimi nafanya kazi Changamwe na usiku naandika hadithi. Ningependa siku moja nihudhurie kongamano kama hilo. Nianzie wapi, na viza inapatikanaje? (Mwandishi Chipukizi)

JIBU: Mwanangu, anza na pasipoti, ambayo maombi yake hufanywa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, kisha lipa ada ya uanachama mapema kwa sababu ada hizo kwa kawaida hupanda kadiri siku zinavyokaribia. Asiye na kadi ya benki anaweza kulipa kwa kadi ya mtandaoni ya M-Pesa.

Viza ndiyo inayowakwamisha wengi, kwa hiyo nitaieleza kwa urefu kidogo. Maombi ya viza ya matembezi ya Kanada hufanywa kwa intaneti. Ada yake ni dola 100 za Kanada, na alama za vidole na picha hutozwa dola nyingine 85. Alama hizo hutolewa Nairobi, basi mtu wa Mombasa aweke katika hesabu yake nauli ya treni kutoka Miritini na mahali pa kulala. Afisa anayelisoma ombi lako hakuoni uso, anaona karatasi tu, na swali lake kubwa ni kama utarudi nyumbani. Mpe barua ya mwajiri inayotaja likizo yako na tarehe ya kurejea kazini, taarifa za benki za miezi kadhaa zinazoonyesha fedha zilizoingia kwa utaratibu badala ya kitita kilichowekwa juzi, na maelezo ya familia unayoitunza. Waandalizi wa kongamano nao humwandikia mwanachama barua ya kuthibitisha kwamba amejiandikisha, akiiomba. Barua hiyo husaidia, ingawa haimlazimishi afisa kukubali. Waandishi wa Afrika wamewahi kunyimwa viza wakiwa na majina yao tayari katika ratiba, na kwa maoni yangu hilo ni dhuluma kwa fasihi inayojiita ya ulimwengu. Kwa sababu hiyo usinunue tiketi isiyorejeshewa fedha kabla ya viza kutoka, na kabla ya kuchagua ndege angalia masharti ya nchi utakayobadilishia.

Kuhusu gharama, usione haya kuomba msaada. Uko mpango uitwao Con or Bust, ulio chini ya shirika la Dream Foundry, unaowasaidia waandishi na wapenzi wa fasihi hii wasio Wazungu kuhudhuria makongamano. Jiunge pia na African Speculative Fiction Society, chama cha bunilizi za Kiafrika kilichoundwa mwaka 2016 ambacho wanachama wake huzipigia kura Tuzo za Nommo za bunilizi hizo, kwa kuwa huko ndiko utakakopata wenzako wa kukuelekeza na pengine wa kugawana nao chumba cha hoteli. Kabla ya yote hayo, nenda NAICCON, kongamano la wapenzi wa vibonzo linalofanyika Nairobi, ukaone jinsi watu wanavyouza vitabu vyao wenyewe mezani na kuvizungumzia mbele ya wasiowajua.

SWALI: Nimeona picha za watu waliovaa mavazi ya ajabu katika makongamano haya. Je, ni lazima? (Bi. Msomaji, Kisauni)

JIBU: Si lazima, Bi. Desturi hiyo ilianza katika kongamano lile la kwanza la 1939, ambapo mashabiki wawili, Forrest Ackerman na Myrtle Douglas, walifika wakiwa wamevaa kama watu wa zama zijazo, na leo kuna onyesho maalumu la mavazi. Wengi huvaa nguo zao za kawaida. Siku ya kusoma kurasa zangu nitavaa kanzu na kofia, kama ninavyovaa nikialikwa kusoma hapa Mombasa.

SWALI: Je, asiyeweza kusafiri hana nafasi kabisa? (Mwanafunzi, Kilifi)

JIBU: Anayo, na ni nafasi nzuri kuliko wengi wanavyodhani. Makongamano ya Glasgow mwaka 2024 na Seattle mwaka 2025 yaliwapokea washiriki wa mtandaoni, na nawashauri wote wanaopenda kushiriki hivyo waangalie utaratibu wa Montréal utakapotangazwa. Mwezi wa Septemba, ambapo kongamano litafanyika, Montréal iko nyuma yetu kwa saa saba, hivyo jopo la saa nne asubuhi kule utalifuatilia saa kumi na moja jioni ukiwa Kilifi. Mbali na hayo, kuna uanachama wa kawaida usiohitaji kuhudhuria, unaokupa haki ya kupendekeza hadi kazi tano katika kila kundi la Hugo na kuzipigia kura zinazofika fainali. Hadithi fupi kwao ni ile isiyofika maneno 7,500, na riwaya ni kuanzia maneno 40,000. Wanaotaka kutumia haki hiyo wasingoje majira ya kongamano, kwa kuwa mapendekezo hukusanywa katika miezi ya mwanzo ya mwaka, na huhitaji mtu awe amekwisha kujiandikisha kabla ya tarehe inayowekwa na kamati.