Babu yetu alikufia Burma, kaburi lake tutalipataje?

SWALI: Shikamoo mzee. Niko Tabora. Kaka yake babu alichukuliwa Keya vita ya pili ya dunia, akapelekwa Burma na hakurudi. Nyumbani kuna karatasi moja tu imechakaa, inasomeka 36 KAR, namba ya askari nusu imefutika, na Oktoba 1944. Shangazi ni mzee sana sasa, kila siku anauliza ndugu yao kalazwa wapi. Halafu kuna jamaa kajitokeza anasema tumtumie laki tatu atatutafutia kaburi. Tumpe?

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Hela msimpe! Kumbukumbu za hawa askari zinatunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, kifupi CWGC, iko kwenye intaneti na kutafuta ni bure kabisa, simu yako tu inatosha.

Hiyo karatasi yenu ina mengi kuliko mnavyodhani. KAR ni King's African Rifles, hao hao Keya, na 36 KAR ni batalioni ya Tanganyika (ukiona 26, 36 au 46 ni vijana wa kwetu, 34 na 44 ni wa Uganda), na ilikuwa brigedi ya 26 ya ile Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Oktoba 1944 hawa walikuwa wanashuka bonde la Kabaw kutoka Tamu kwenda Kalemyo, wanawasukuma Wajapani, mvua za masika ya kule zimegeuza barabara yote matope mpaka magari hayapiti, na malaria nayo inawamaliza. Desemba wakafika Kalewa wakavuka mto Chindwin. Kwa hiyo kama tarehe hiyo ndiyo ya kifo basi kuna uwezekano mkubwa babu yenu aliangukia humo bondeni.

Sasa aliyekufa mle alizikwa palepale, kando ya njia au msituni, na wenzake wakasonga mbele. Baada ya vita makaburi mengi yalikusanywa, na mwaka 1951 ikafunguliwa sehemu ya makaburi ya vita ya Taukkyan, kaskazini mwa Yangon (zamani Rangoon), ina makaburi zaidi ya 6,000 na 867 kati yake hayana jina. Wale ambao hawakupatikana wameandikwa kwenye nguzo za mnara uliopo katikati ya makaburi hayohayo, Rangoon Memorial, majina karibu 27,000, na askari wa Keya wamo. Ndio maana nakwambia tafuta jina kwanza, kaburi baadaye. Likiwa kwenye mnara, rekodi inakutajia mpaka ni upande wa ngapi wa nguzo.

Shida kubwa ni spelingi. Karani Mzungu aliandika alichosikia, Shija anaweza kuwa Shiga au Sija, L inakuwa R, na mara nyingi jina ni moja tu halafu linafuata la baba. Usikomae na jina kamili. Weka King's African Rifles, vita ya pili, mwaka 1944, halafu pitia orodha taratibu mwenyewe ukilinganisha na hizo tarakimu za namba zilizobaki, maana namba ndiyo inayomtenganisha Juma huyu na Juma mwingine.

Usipompata Taukkyan usikate tamaa. Aliyefia hospitali anaweza kuwa Imphal, India. Na wapo ambao hawakufika kabisa, meli ya Khedive Ismail ilitoka Mombasa ikapigwa na nyambizi ya Kijapani tarehe 12 Februari 1944, wakafa watu karibu 1,300 wakiwemo mamia ya askari wetu wa mizinga, na hao wanakumbukwa kwenye mnara ulioko makaburi ya vita Nairobi. Ukikwama kabisa andikia CWGC, ambatanisha picha ya karatasi. Kama jina halipo wanapokea ushahidi na wanaweza kuliongeza.

Wapo wengine mlioniandikia kuhusu mababu waliokuwa wapagazi, yaani wabeba mizigo wa jeshi, vita ya kwanza ya dunia; yenu ni ngumu zaidi na inaniuma kusema hivyo. Mwaka 2021 tume yenyewe ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Walibeba mizigo ya vita nzima jamani, halafu hata jina hakuna!

Safari ya kwenda msiifikirie kwa sasa, bonde la Kabaw liko mkoa wa Sagaing na huko wanapigana tangu jeshi lipindue serikali 2021. Kabla hujashika simu kaa na shangazi, muulize jina la huyo askari na la baba yake yalivyotamkwa zamani, jina lake la utani, kijiji, na jumbe wa wakati ule, andika yote kwenye daftari. Halafu nitumie hizo tarakimu zinazosomeka tuzitazame pamoja.