Ukaguzi wa nyongeza utangulie kura za wachezaji

Ndugu uliyeuliza kama kikundi chenu cha Mbarara kikague kila nyongeza (mod, kama vile basi lililotengenezwa na mchezaji) ya Euro Truck Simulator 2, gemu la kompyuta la kuendesha malori, kabla ya kuitoa, au kiwaachie wachezaji wazichuje kwa kura zao, nashauri ukaguzi utangulie. Mimi ni mmoja wa wakaguzi wa kikundi chetu hapa Kampala, na nimeona kwamba kura hupima jinsi basi linavyopendeza pichani, wala hazipimi kilichomo ndani ya faili.

Mtengenezaji, hata awe hodari, kwa kawaida hujaribu kazi yake kwenye kompyuta ile ile aliyoitengenezea, ambayo tayari imejaa nyongeza nyingine, hivyo hawezi kugundua kwamba basi lake linaazima magurudumu au sauti kutoka kwenye faili ambalo mpokeaji hana. Sisi hufungua wasifu mpya wa mchezaji ndani ya gemu, tukaiwasha nyongeza hiyo peke yake, tukaendesha usiku na wakati wa mvua, kisha tukasoma game.log.txt, faili ambalo gemu huandikia makosa yake. Kosa la picha isiyopatikana huenda lisionekane barabarani, lakini humo limeandikwa pamoja na jina la faili linalokosekana. Jaribio hilo lirudiwe kwenye laptopu dhaifu kuliko zote mlizo nazo, kwa maana wengi wa wachezaji wetu ndizo walizo nazo, na si haki mtu amalize bando lake kupakua basi ambalo mashine yake haiwezi kulibeba.

Uhalisia nao ni sehemu ya ubora. Taksi yetu nyeupe yenye mkanda wa miraba ya buluu ikiletwa na usukani kushoto na mlango wa abiria kulia, tunairudisha, kwa sababu Uganda tunaendesha upande wa kushoto wa barabara na abiria hawashukii katikati ya magari.

Kuhusu usalama sina mjadala. Juni 2023, programu hasidi iliyoitwa fractureiser ilisambazwa ndani ya nyongeza za gemu la Minecraft kupitia CurseForge, tovuti ya kusambaza nyongeza, na tovuti ya Bukkit, na baadhi zilipakiwa kwa akaunti zilizodukuliwa za watengenezaji walioaminika. Kwa hiyo jina zuri la mtu halitoshi kumpitisha bila kukaguliwa. Faili la kawaida la .scs, yaani faili la nyongeza ya gemu letu, hubeba modeli (maumbo ya 3D), picha, sauti na vigezo tu. Mkikuta .dll au .exe (faili za programu) imeambatanishwa na basi, izuieni hadi mtengenezaji aeleze inafanya kazi gani, na asiporidhisha msiitoe. Vivyo hivyo kwa modeli iliyochukuliwa kwa mwenzake bila ruhusa.

Mnapokataa, mwandikieni mtengenezaji sababu pamoja na mstari wenyewe wa kosa, faraghani, kwani vijana hawa hufanya kazi bila malipo, na kijana aliyejibiwa “haifai” bila maelezo mara nyingi harudi tena. Nyongeza ikaguliwe na watu wawili, asiwemo aliyeitengeneza. Ikishatolewa, hapo kura na maoni vina kazi yake, na gemu likipata toleo jipya, hata ile iliyopendwa kuliko zote irudi kwa wakaguzi.