Re: Nimehamia Dar kikazi, napataje washkaji bila kwenda baa?
Mkuu, kama hunywi na ukitoka job ni geto na simu tu, mi nakushauri tafuta jogging klabu ya mtaani kwako. Dar zipo kibao hasa Temeke na Mbagala, wikiendi asubuhi utawasikia wanapita wanakimbia huku wanaimba, we wafuate uulize kiongozi nani, kuna kamchango na tisheti basi. Na sio mazoezi tu aisee, ukiumwa wanakuja kukuona, ukifiwa wanachanga, na mgeni mjini hicho ndo anachokosa kuliko hata stori. Spidi isikutishe, wengi wanakwenda mdogo mdogo pamoja. Jumapili jioni shuka Coco Beach ule mihogo, ukikuta watu wanapiga mpira mchangani omba uingie. Unakaa maeneo gani lakini?