Sanduku la Wasomaji: Hivi 2023 ndo mwaka bora wa Nintendo?

SWALI: Kaka shikamoo. Mi na binamu yangu tunabishana tangu Idi mpaka leo hatujaelewana. Yeye anasema Nintendo, ile kampuni ya gemu ya Japani, hawajawahi kuwa na mwaka mkali kama 2023, anataja Zelda mpya, Mario Wonder, Pikmin 4, Metroid, Kirby, yani akianza hamalizi. Mi nasema 2017 haujapata mpinzani, ila tukianza kuhesabu gemu moja moja ananizidi kila siku. Tuamulie, na utuambie unapimaje. (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza acha kuhesabu, maana hapo ndo anapokupatia. Kwa idadi 2023 unashinda kirahisi: Januari Fire Emblem Engage, Februari Metroid Prime Remastered na Kirby's Return to Dream Land Deluxe, Machi Bayonetta Origins, Aprili Advance Wars 1+2, Mei 12 ikashuka Tears of the Kingdom, ndo hiyo Zelda mpya, ambayo ndani ya siku tatu tu iliuza kopi zaidi ya milioni 10, Julai Pikmin 4, Oktoba Super Mario Bros. Wonder, Novemba WarioWare na Super Mario RPG. Karibu kila mwezi kuna kitu. Kwa mtu mwenye Switch yake (mashine ya gemu ya Nintendo) na hela ya kununua gemu sidhani kama aliwahi kushiba vile, hilo binamu yako yuko sahihi kabisa.

Ila sasa ichambue hiyo orodha. Metroid Prime ni gemu ya 2002. Kirby yule alitoka 2011 kwenye Wii, mashine yao ya zamani. Super Mario RPG ni ya 1996, na Advance Wars 1+2 ni gemu mbili za zamani, ya 2001 na ya 2003, zimewekwa pamoja. (Hii Advance Wars ni gemu ya vita, na ina historia ya kusikitisha kwakweli. Ile ya kwanza ilitoka Marekani tarehe 10 Septemba 2001, kesho yake yakatokea yale mashambulizi, na Japani wakaisubiri mpaka 2004. Hii iliyotengenezwa upya nayo ikapangwa 2022, vita ya Ukraine ikaanza, ikasogezwa mwaka mzima.) Sisemi hizo kazi ni mbaya, ile Metroid imetengenezwa kwa heshima kubwa na ukiiona hutoamini ni gemu ya enzi za mashine ya GameCube. Lakini mi nikipima mwaka najiuliza kitu kimoja tu: huu mwaka ukifutwa kabisa, kama haujawahi kuwepo, tunakosa nini ambacho hakipo kwengine?

Futa 2023. Super Mario RPG bado unayo ile ya 1996, Metroid bado unayo, Kirby bado yupo. Unachopoteza hasa ni Tears of the Kingdom, Wonder, Pikmin 4 na Fire Emblem Engage, na hizo mbili za mwanzo ni hasara kubwa sana. Wonder kwangu ndo Mario wa kukimbia pembeni mtamu kuliko wote tangu miaka ya 90, karibu kila hatua ina ua lake na ukiligusa hujui kitakachokukuta, mara mabomba yanaanza kutambaa, mara wewe mwenyewe umegeuka kitu kingine kabisa, af wazo likishatumika hawalirudii rudii mpaka likuchoshe. Na Tears of the Kingdom kile kipaji cha kubandika vitu ukajitengenezea gari, boti, ndege, sijui waliwezaje kukifanya kifanye kazi bila gemu kuvunjika.

Sasa futa 2017 uone. Machi 3 Switch inaingia sokoni pamoja na Breath of the Wild, Zelda iliyotangulia Tears of the Kingdom, siku hiyo hiyo. Aprili Mario Kart 8 Deluxe, Juni ARMS, Julai Splatoon 2, Oktoba 27 Super Mario Odyssey, Desemba 1 Xenoblade Chronicles 2. Kwenye 3DS, mashine yao ya mkononi, nako kulikuwa na Fire Emblem Echoes na Metroid: Samus Returns, ila kwa haki ileile niliyompimia binamu yako hizo nazo ni gemu za zamani zilizotengenezwa upya kwaiyo siziwekei uzito mkubwa.

Breath of the Wild ndo inayobeba hoja yangu yote. Kabla yake gemu nyingi za dunia wazi zilikuwa zinakujazia ramani alama, nenda hapa chukua hiki, nenda kule ua yule. Hii ikakuacha tu. Ukishatoka pale uwanda wa juu unapoanzia unaweza kwenda moja kwa moja kupigana na Ganon, adui mkuu, ukiwa na fimbo tu, utakufa ila hakuna anayekuzuia. Karibu ukuta wowote unaupanda mpaka nguvu zikuishie, mvua ikinyesha unateleza, radi ikikukuta umevaa chuma inakupiga. Kila kitu kinafuata akili ya kawaida. Baada ya hapo watengenezaji wengine wakaanza kuiga waziwazi, hata hiyo Genshin Impact ya 2020 ambayo vijana wengi wanaicheza kwenye simu, waliotengeneza walikiri kwamba Breath of the Wild iliwapa mwanga. Na sasa niambie, bila 2017 hiyo Tears of the Kingdom inatoka wapi? Hyrule, nchi ya kwenye gemu, ni ileile, ramani ni ileile wameiongezea mbingu juu na giza chini. Yani gemu kubwa kuliko zote za 2023 imesimama mgongoni kwa gemu ya 2017, na hilo swali muulize binamu yako kabla hajaanza kutaja majina.

Halafu kuna hali ya kampuni yenyewe. Wii U, mashine iliyotangulia Switch, iliuza mashine milioni 13.56 tu maisha yake yote, na Satoru Iwata, rais wao, alifariki Julai 2015 mashine mpya ikiwa bado inatengenezwa. Watu wengi walikuwa wanasema Nintendo waache kutengeneza mashine wawe wanauza gemu tu kwenye simu na kwenye mashine za wenzao. Ilipofika mwisho wa 2017 Switch ilikuwa imeuza karibu milioni 15, imeipita Wii U ndani ya miezi kumi. Mauzo peke yake sio ubora, hilo nalijua, ila hakuna mashine inayouzika hivyo bila gemu, na gemu zenyewe ndo hizo.

Kasoro zilikuwepo na nazitaja. Kuongea na wenzako kwenye Splatoon 2 ulilazimika kutumia programu ya kwenye simu, jambo ambalo mpaka leo silielewi. Xenoblade ukiichezea mkononi picha inafifia vibaya. ARMS ilichangamka miezi michache watu wakahama. Hata hivyo Breath of the Wild ikachukua gemu bora ya mwaka kwenye The Game Awards, tuzo za gemu za kila mwaka, huku Odyssey ikiwa inashindana nayo kwenye kundi hilohilo, gemu mbili za kampuni moja zenye alama 97 kila moja kule Metacritic, tovuti inayojumlisha alama za wahakiki.

Na mwaka ambao wote wawili mmeusahau ni 2001. Mwaka huo ndo ulipozaliwa Pikmin, Luigi's Mansion, Animal Crossing kule Japani, hiyo Advance Wars niliyoitaja, Golden Sun, na juu yake mashine mbili, Game Boy Advance na GameCube, zote zilitoka Japani mwaka huo huo pamoja na Super Smash Bros. Melee ambayo watu bado wanaichezea mashindano. Kwa vitu vipya 2001 unaizidi hata 2017. Kinachonizuia kuupa taji ni kwamba nyingi ya gemu hizo zilikuwa fupi au bado changa, Pikmin ya kwanza inakupa siku 30 tu za kwenye gemu na imeisha, Luigi's Mansion unaimaliza wikiendi moja. Utamu wake wote ulikuja baadae, kwenye matoleo yaliyofuata.

Kwaiyo mdogo wangu umeshinda: 2017 kwanza, 2001 pili, 2023 tatu. Mwambie binamu yako na yeye hakupitwa mbali.

SWALI: Kaka mbona unaihesabu Mario Kart 8 Deluxe kwenye 2017 wakati ilishatoka 2014 kwenye Wii U? Hapo si unapendelea? Nimekusikia ukiisifia redioni. (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Swali la haki. Kwenye kipimo changu cha kufuta mwaka Mario Kart haiingii, itoe na 2017 bado unasimama. Ila kwa mnunuaji ni habari nyingine, maana Wii U waliokuwa nayo ni wachache sana, karibu kila aliyenunua ile Deluxe ilikuwa ndo mara yake ya kwanza, na imeshauza zaidi ya milioni 60. Ukiwa unapima kama mnunuaji ihesabu, na uihesabu pia Metroid Prime ya 2023. Usichanganye vipimo viwili kwenye ubishi mmoja tu.

SWALI: Anko, huku mtaani kwetu hatuna Switch, ni PS (PlayStation) mwanzo mwisho. Sony mwaka wao bora ni upi? Washkaji wanasema 2018 kwa sababu ya God of War na Red Dead. (Msomaji, Temeke)

JIBU: Red Dead itoeni, ni ya Rockstar, sawa na GTA, na FIFA ni ya EA (tangu 2023 inaitwa EA Sports FC). Kuchezwa kwenye PS hakuifanyi iwe ya Sony. 2018 inabaki na God of War, Spider-Man, Detroit na Shadow of the Colossus iliyotengenezwa upya, orodha nzuri sana. Mi nawapa 2020 lakini: The Last of Us Part II mwezi wa 6, Ghost of Tsushima mwezi wa 7, halafu Novemba PS5 ikaja na Demon's Souls, Miles Morales na Astro's Playroom ambayo ilikuwa bure ndani ya mashine. Tsushima peke yake, ule upepo unaokuonyesha njia badala ya mshale kwenye skrini, ningeipima na chochote cha 2018. Kama kibandani kwenu ipo na hamjaicheza kwa sababu kila mtu anagombea mpira, ombeni zamu asubuhi watu wakiwa wachache.