Mama, Mwanao Hana Kosa Kubwa Kuliko Lako

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mwanangu yuko chuo. Kila siku ana niandikia mambo kama "mama cna nauli, nta2mia ya ada". Je, ana haribu Kiswahili? Nimkanye? (Mama, Morogoro)

JIBU: Marahaba, mama. Hiyo "c" inasomwa "si" na hiyo 2 inasomwa "tu", kwa matamshi ya Kiingereza. Mtindo huu ulishamiri enzi za ujumbe wa simu wenye nafasi 160. Ukizidisha, unakatwa pesa ya ujumbe wa pili. Mtu alikuwa anabana matumizi, na mimi simlaumu. Ninayemlaumu ni anayeandika "xaxa" badala ya "sasa": herufi 4 kwa herufi 4, hakuokoa chochote, na x yenyewe haimo katika alfabeti yetu.

Lakini turudi kwenye barua yako. Umeandika "ana niandikia". Umeandika "ana haribu". Mama yangu, hapo ndipo Kiswahili kinapochinjwa, na wachinjaji ni sisi watu wazima! Naliona kosa hili kwenye matangazo ya misiba, kwenye mabango ya maduka, hata kwenye barua za watu wenye shahada. Nime fika. Tuna uza. Wata kuja.

"Ana" likisimama peke yake ni neno kamili: ana gari, ana homa. Katika "ananiandikia" hakuna mtu mwenye kitu. Kuna "a" ya mtendaji, "na" ya wakati, "ni" ya mtendwa, kisha kitenzi, na vyote hivyo ni neno moja. Jaribu kupachika "leo" katikati uone: "ana leo niandikia". Hakuna Mswahili anayesema hivyo.

Sasa chukua wakati uliopita, "ali". Tuseme kuna kikundi cha mchango wa harusi, na mmoja wa wanakikundi anaitwa Ali. Mtu anataka kusema kwamba mweka hazina alichukua pesa za ukumbi. Anaandika: "Ali chukua pesa za ukumbi." Ali mwenyewe akisoma ataona anaagizwa azichukue. Shangazi wa bwana harusi atasoma kwamba Ali keshazichukua. Mweka hazina, aliyezichukua kweli, hayumo kabisa katika sentensi! Mtu wa watu anaingizwa kwenye kashfa na nafasi moja tupu. Na sikio linajua tofauti: ukisema "alipiga", mkazo ni mmoja, kwenye "pi". Ukisema "Ali, piga", mikazo ni miwili. Kwa mdomo hatukosei; tunakosea tukishika simu.

Yupo atakayeniambia kwamba zipo lugha za Kibantu zinazotenganisha. Ni kweli. Setswana huandika "ke a leboga", yaani nashukuru, maneno matatu. Huo ndio utaratibu wao na wanaufuata. Wetu ni kuunganisha, ndiyo maana "wananchi" ni raia, na "wana nchi" ni watu wenye nchi yao. Kinachonikera zaidi ni kwamba mkono uleule unaotenganisha "ana kuja" ndio unaounganisha "kwasababu" na "kwamfano", ambayo yanapaswa kuachana: kwa sababu, kwa mfano.

Sasa mtazame mwanao. Ameandika "nta2mia". Ametoa irabu moja, ametia tarakimu, lakini kitenzi hakukikata. Nafsi, wakati na mzizi vimekaa pamoja kama inavyotakiwa. Mtoto huyo sarufi anaijua. Mwambie tu asipeleke "cna" kwenye karatasi ya mtihani wala kwenye barua ya kuomba kazi. Nawe ukimjibu, andika "ninakutumia nauli", kwa maneno mawili tu. Na umtumie kweli, kabla hajaigusa hiyo ada.