Kilemba utakivaa wapi?

Mshenga wa posa ya binti yangu alikuja kwetu Tanga mara nne, na mara tatu kati ya hizo nilimtafutia kosa. Mara ya kwanza nilisema barua imekunjwa vibaya. Naam, barua! Ilikuja ndani ya leso safi, pamoja na noti za kuifungulia, nami nikaigeuzageuza kama karani anayetafuta muhuri. Mara ya pili nikasema kijana hana kazi ya kueleweka, ilhali ni fundi umeme na hata feni ya sebuleni kwetu aliitengeneza yeye. Mara ya tatu nikang'ang'ania kilemba.

Kwa msiotoka pwani: mahari ni haki ya bibi harusi mwenyewe. Pembeni yake kuna ada za mila, kama mkaja wa mama, ukumbusho wa kitambaa alichofungwa tumboni alipojifungua, na kilemba cha baba. Binti yangu alitaja mahari yake mara moja tu: laki tatu na msahafu. Mimi nikataka kilemba cha laki tano. Mshenga akakohoa, akaaga.

Usiku, mke wangu akichambua mchele kwenye ungo, akaniuliza bila kuinua macho, "Laki tano! Hicho kilemba utakivaa wapi?"

Nilicheka, halafu usingizi ukanikimbia hadi adhana ya alfajiri.

Mzazi mwenzangu mwenye binti aliyeposwa, nilichokigundua usiku ule ni kwamba nilikuwa na huzuni, nami nikaivalisha nguo ya hesabu. Furaha nilikuwa nayo pia. Dua ya kumpata mume mwema tuliiomba miaka. Lakini vyote viwili vilinijia kwa pamoja, na kinywani kilichotoka ni ukali. Kwa hiyo kabla hujamrudisha mshenga, jiulize: mwanangu wa kiume angekuwa ndiye muoaji, ningekubali afanyiwe hivi? Ya kuulizia yapo, na uyaulizie kwelikweli, mtaani kwao, msikitini na kazini kwake: ulevi, mkono mwepesi, mke mwingine aliyefichwa. Hapo usimwonee mtu haya. Kilemba ni mila tu. Hata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaihesabu ndoa kuwa halali zawadi za mila zitolewe au zisitolewe.

Na ongea na binti mwenyewe, mapema, kabla nyumba haijajaa mashangazi na masufuria ya kuazima. Mimi nilimkuta ameketi kwenye mbuzi anakuna nazi. Nikasema, "Nyumba hii itapwaya." Hakuacha kukuna. "Baba, naenda Pongwe, siendi Maskati." Baada ya muda akaongeza, "Mama hajui kukupimia dawa zako za presha. Nitamwonyesha." Nikatoka nje kuangalia kuku, ambao hawakuwa na shida yoyote.

La mwisho ni la siku yenyewe. Wazee wengi humwachia shehe uwakala, wakakaa pembeni na kanzu zao nzuri. Ukiweza, ozesha mwenyewe. Kwanza mwendee binti, umuulize kama ameridhia, umsikie kwa masikio yako. Halafu yafanyie mazoezi yale maneno, kwa sauti, chumbani, maana ni machache lakini yana miiba.

Mimi sikufanya mazoezi. Baada ya sala ya alasiri nikaushika mkono wa kijana, wenye sugu za koleo, nikaanza, "Nimekuoza binti yangu..." na sauti ikakatika. Shehe akanipa maji. Nikaanza tena, na safari hii kijana akadakia, "Nimekubali!" kabla sijaitaja mahari. Msikiti mzima ukacheka. Shehe akamwambia atulie, tutarudia kuanzia mwanzo, akaniuliza kama nimeudhika.

Nikamjibu kwamba hata tukirudia mara kumi mimi sina haraka.