Kwa mwalimu wa kujitolea aliyeko Micheweni

Mwalimu, umeandika kuwa umetoka Nakuru kuja kufundisha kwa kujitolea huku kwetu Micheweni, kisiwani Pemba, na kwamba unaona haya kufurahia bahari ilhali baadhi ya wanafunzi wako wanaingia darasani na njaa. Haya hiyo ni dalili ya utu, lakini isikufungie ndani.

Bamvua, yaani siku za maji kujaa na kupwa sana, likifika na maji yakatoka mbali, waombe akina mama wanaolima mwani wakuchukue pwani. Utainama katika maji ya magotini ukifunga kipande kimoja kimoja cha mwani kwenye kamba iliyowambwa baina ya vigingi viwili, mgongo ukiuma na chumvi ikichoma vidole. Papo hapo utawasikia wakitaniana na kucheka, ingawa wanajua vyema kwamba kotonii, mwani wenye bei nzuri, hufa maji yanapopata moto. Uzuri huo wameufanya wao, haukuokotwa ufukweni.

Picha usipige kabla ya kuomba ruhusa (wageni wengi hujisahau hapa). Na ukikaribishwa muhogo kwa dagaa, kaa jamvini ule. Kukataa kwa kuwaonea huruma kutawaumiza zaidi.